Moyo Upande wa Kulia

Jumatatu, 4 Machi 2024
Kikohozi wiki ya tatu. Nimepigwa eksirei hapa Iringa. Mpiga picha kaitazama, kaguna, kanirudisha kwenye mashine. Eti mwalimu nilisimama vibaya. Nilisimama kama askari! Picha ya pili vilevile: moyo uko kulia. Ultrasaundi nayo: ini kushoto, vyote vya ndani vimebadilishana upande. Wakaitana wanne kuja kunishangaa — bure, bila kiingilio. Kikohozi? Hakuna aliyekikumbuka.

Jumanne, 5 Machi
Miaka tisa nawafundisha Kidato cha Sita jinsi kiinitete kinavyojipanga. Mwanzoni seli hazijui kushoto wala kulia. Kisha vinyweleo vidogo mno vinasukuma majimaji kuelekea kushoto, na seli za huko zinapata habari: ninyi ndio kushoto, moyo uelekee kwenu. Vyangu, naona, vilikuwa kwenye mgomo. Hongera Mwalimu Yusta!
Nimempigia mama, Mbeya. Kasema kwao hakuna mtu wa hivyo, niulize ukoo wa baba. Mume wangu Gerson kaficha picha juu ya kabati. Wageni wasije wakaona.

Ijumaa, 8 Machi
Tumbo. Hata uji umerudi. Maharage ya shule, bila shaka.

Jumamosi, 9 Machi
Homa. Maumivu yamehamia chini, kushoto. Nikigusa tu nalia. Kidole tumbo hiki!
Daktari wa zamu kabonyeza kulia. Hapaumi. Kaandika: gesi. Nikamweleza changu kiko kushoto. Katabasamu kwa huruma, kamuuliza Gerson kama huwa nina wasiwasi. Gerson — Mungu ambariki — kajibu, "Kidogo."
Nikamtuma Gerson nyumbani akalete ile picha. Kaenda na bodaboda.

Saa kumi. Naandika nimejikunja. Gerson karudi na bahasha, jasho tupu. Daktari kaiinua picha dirishani. Kisha kaigeuza, moyo ukahamia kushoto.
"Enhe," kasema. "Sasa iko sawa."
Jina langu likasomeka kinyumenyume. Hakuliona! Sina nguvu ya kupiga kelele.
Gerson kasimama mlangoni, kamzibia njia. Sijawahi kumsikia na sauti ile.
"Daktari, samahani. Nisomee hilo jina hapo juu."
Daktari anasoma. Midomo inachezacheza: A, T, S, U, Y — anaigeuza picha tena.