Nusu Saa Niliyoiomba kwa Jina Lako

Mpendwa kaka Mwakio,

Sijui barua ya kumwandikia marehemu huanza vipi. Nikikuuliza hali ni kama nakudhihaki, na nikikuambia sisi huku tu wazima nitakuwa nimesema uongo. Basi nianzie uani, nyuma ya studio yako hapa Voi, kwa sababu kila nikikukumbuka nakuona pale, umepiga magoti kwenye saruji, jicho moja umelifumba, unaniambia, "Wakesho, zungusha. Polepole."

Mchana ulikuwa mpiga picha kama wengine wote. Picha za kitambulisho, harusi, ubatizo, na maiti kabla jeneza halijafungwa. Mimi nilikaa mbele nikiandika majina ya watu kwenye bahasha. Ila ile miezi ambayo anga ilikuwa safi ulikuwa ukifunga mlango jioni na kuwa mtu mwingine. Ulinionyesha ukurasa wa kitabu kikuukuu ulichopewa na mwalimu wako wa fizikia, penye doa jeupe lisilozidi punje ya mchele.

"Hii ni galaksi," ulisema. "Ni nyota nyingi mno, lakini ziko mbali hata jicho haliwezi kuziona. Filamu inaweza, ikipewa muda."

"Mbali kiasi gani?"

Ukafikiri. "Mwanga huu ulitoka kwake kabla hajazaliwa mtu wa kuitwa Mdawida katika milima hii yetu ya Taita."

Nilicheka, wewe hukucheka.

Ulitengeneza kile chombo kwa mbao mbili ulizoziunga kwa bawaba za mlango, na skrubu ndefu katikati. Ulinieleza kwamba dunia inazunguka, kwa hiyo kamera isipozifuata nyota zitatoka kama michirizi. Wewe ulilenga na kuchungulia. Kazi yangu ilikuwa kuzungusha skrubu, mzunguko mmoja kila dakika, macho kwenye saa yako ya mkononi niliyokuwa nimeivaa mimi.

Tatizo letu lilikuwa mwanga. Voi ya miaka ile ya tisini ilikuwa imeanza kukesha. Kulikuwa na kituo cha petroli kando ya barabara kuu, malori ya Mombasa yaliyoegeshwa na taa zikiwaka, na hapo hapo ng'ambo ya ukuta wetu, ile taa kubwa ya stoo ya Bwana Salimu. Kila uliposafisha filamu, ilitoka na ukungu mtupu. Uliishika kwenye dirisha, ukaitazama, ukaitupa. Ungeweza kulifuata giza nje ya mji, lakini huko tembo hutembea usiku na sisi hatukuwa na gari. Ilikuwa uani kwetu au basi.

Mara tatu ulimwendea Bwana Salimu kumwomba azime taa, na mara tatu alikataa kwa upole wake wa kipwani. "Mwanangu, taa ile ndiyo jicho langu nikilala. Utaniomba nijipofue?"

Kisha ukamkuzia picha ya marehemu mama yake, ile ya pekee waliyokuwa nayo, ndogo na iliyoliwa na mchwa pembeni. Ulikaa nayo wiki nzima. Alipoiona aliishika kwa mikono miwili, kisha akasema, "Haya. Usiku usiokuwa na mwezi, Nyambu azime saa nne. Ikifika saa tano awashe. Tumeelewana?"

Mzee Nyambu ndiye aliyekuwa bawabu wa stoo, mtu wa mlimani Mbololo kama sisi. Wewe unamkumbuka, lakini nataka kumtaja vizuri. Koti lake refu la jeshi, kikohozi chake, na jinsi alivyoegemea ukuta na kutuuliza, "Leo mmeshika ngapi?" kana kwamba tunavua samaki. Kila mara ulimjibu, "Bado, mzee," naye akasema, "Zitakuja tu."

Sasa nifike kwenye usiku wenyewe, maana hili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Taa ilizimwa saa nne. Picha yako ya kwanza iliharibika karibu saa nne na nusu, lori lilipoingia uchochoroni kugeuza na taa zake zikamulika uani kote. Ulilaani kimyakimya, kisha ukaanza upya. Uliniambia unahitaji dakika arobaini. Nilitazama saa nikajua hazipo. Wewe hukujua. Ulikuwa umejifunika kitambaa cheusi kichwani, umeganda kama jiwe, na nilisikia pumzi zako tu. Kaka, ilikuwa miezi saba ya filamu za kutupa. Nilikuonea huruma.

Zilipobaki dakika mbili kufika saa tano nilizungusha skrubu, nikatembea hatua tatu hadi ukutani.

"Mzee Nyambu," nikanong'ona, "Mwakio anaomba nusu saa zaidi."

"Bwana Salimu alisema saa tano."

"Anakuomba sana. Picha iko katikati."

Akakohoa. "Haya. Kama ni Mwakio amesema."

Hukuwa umesema. Nilirudi, nikazungusha, na wewe chini ya kitambaa hukusikia kitu. Baadaye kidogo nilisikia kishindo upande wa pili, kizito, mara moja tu. Mkono wangu ulisita. Nikajiambia ni gunia limeanguka, nikaendelea kuzungusha. Niliendelea, kaka. Dakika baada ya dakika, macho kwenye saa, huku yeye amelala pale hatua chache kutoka kwangu.

Ulipofunga lenzi ulitoa kitambaa, uso umeloa jasho, unatabasamu. "Leo tumepata," ulisema. "Mwite Mzee Nyambu tumwambie asante."

Nilimwita. Nikamwita tena. Ndipo ukaruka ukuta.

Wezi walikuwa wamevunja mlango wa nyuma wa stoo, wakabeba walichoweza, na hadi leo hawajapatikana. Mzee Nyambu alipigwa kisogoni. Alifika hospitali akiwa hai, akaongea maneno machache na Bwana Salimu, na siku ya tatu akafariki.

Jioni ile ya kifo chake, Bwana Salimu alikuja uani kwetu na polisi wawili, na majirani wakajaa mlangoni. Hakupaza sauti. "Mwakio, tulikubaliana saa tano. Marehemu aliniambia wewe ndiye uliyeomba muda zaidi. Ni kweli au si kweli?"

Uligeuka ukanitazama. Haikuchukua hata sekunde tatu, lakini mimi bado naishi ndani ya sekunde zile. Ulielewa yote. Nami nilikuwa nimesimama na sufuria mkononi, nikisubiri niseme.

"Ni kweli," ukajibu. "Niliomba."

Walikuchukua ukaandikishe taarifa, wakakulaza ndani siku mbili, wakakuachilia. Uliporudi nilikupikia. Ulikula, ukasema chumvi imetosha, ukaenda kulala. Hukuniuliza lolote, usiku ule wala siku nyingine yoyote. Ungenipiga kofi ningepumua. Lakini uliendelea kuniita Wakesho kwa sauti ile ile, na mimi nikaendelea kukaa kimya, nikijidanganya kwamba kesho nitasema.

Tulikwenda Mbololo kwenye mazishi. Ulimfuata mjane wa marehemu, Mama Mghoi, kumpa mkono wa pole, naye akakugeuzia mgongo mbele ya umati mzima. Mkono wako ulibaki hewani. Nilikuwa nyuma yako kabisa.

Baada ya hapo mji ukafanya kazi yake. Sokoni walisema mpiga picha wa nyota ndiye aliyewazimia wezi taa. Mabibi harusi walipelekwa kwa wapiga picha wengine. Ndipo ukapata kazi Kishushe, kwa wale watu waliokuwa wakitafuta mawe ya madini, uwapigie picha mashimo yao na kuwaandikia vitabu vya hesabu. "Huko giza ni la bure," ulisema ukifunga mkoba, na ndilo neno la mwisho la utani nililolisikia kwako. Chombo cha mbao ulikiacha.

Homa ilikushika huko. Wenzako waliniambia mlingoja gari siku mbili, na lilipokuja, njia ile ya mawe ilikumaliza kabla hamjaifikia lami. Nilikupokea kwenye blanketi la watu nisiowajua.

Nilipofungua studio kutoa vitu vyako, niliikuta filamu ya usiku ule, haijaguswa. Niliisafisha mwenyewe, jinsi ulivyonifundisha. Galaksi ilikuwemo, Mwakio. Nyembamba, imelala upande, imefifia mno, lakini imo. Na kila nyota iliyoizunguka ina mkia mdogo, kwa pale mkono wangu uliposita. Sijaichapisha. Sitaichapisha.

Imepita miaka miwili tangu tukuzike, na mwezi uliopita nilishindwa kuendelea. Nilianza na Bwana Salimu. Alinisikiliza hadi mwisho, akafunga duka mchana kweupe, akakaa juu ya gunia. "Mimi ndiye niliyemuuliza mbele ya watu," alisema. "Ningemwita faragha, angenijibu vingine?"

Kisha nikapanda Mbololo kwa Mama Mghoi. Nilimkuta akipukuchua mahindi. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kwa kuwa hakunikaribisha kuketi. Nilipomaliza, aliendelea kupukuchua hadi gunzi likabaki tupu.

"Kwa hiyo yule kijana hakusema?" aliuliza.

"Hakusema, mama. Nilisema mimi."

"Na alikuja kunipa mkono akijua hivyo?"

"Akijua."

Aliweka gunzi chini. "Wewe sina la kukuambia. Usiningojee nikusamehe, sijui kama nitaweza. Lakini kaka yako nilimwaibisha mbele ya watu, na sasa hayupo nimwambie. Mmemzika wapi?"

Jumamosi iliyopita tulikwenda. Alitangulia, mimi nikamfuata nikimbebea jembe. Majani yalikuwa yameota juu yako, na hilo pia ni aibu yangu. Alilichukua jembe, akapalilia peke yake, akakataa nisaidie. Alipomaliza alinirudishia, akasema, "Nenda kanisubiri barabarani."

Nilikwenda. Nilipogeuka nilimwona ameinama, amekunyooshea mkono wake wa kulia, kiganja juu ya udongo, na midomo yake inatembea. Alikaa hivyo hadi jua likageuka upande. Alichokuambia wewe umekisikia. Mimi sikukisikia, na sina haki ya kuuliza.

Pumzika, kaka.

Ni mimi nduguyo mdogo,
Wakesho