Sikutoroka, Nnajifunza Kuchora Majengo

Matrah, Maskati

Mamaangu mpenzi,

Nakubusu mikono kwanza, kisha nakuuliza hali yako na hali ya miguu yako, kama uvimbe umepungua au bado unakaidi kuipumzisha. Mie ni mzima, nnakula, nnalala, nnaswali. Joto la huku limevunjika kidogo, na hii milima ya mawe matupu imeacha kututemea moto. Barua hii anakuja nayo mke wa Bwana Seif, jirani yetu wa hapa Matrah. Akifika mpe kahawa, akueleze mwenyewe alivyoniona kwa macho yake.

Nnajua barua ya Kaka Nassor imeshakufikia. Wifi yangu Asya ameninong'oneza yaliyomo: kwamba nimetoroka nyumbani, kwamba nnapanda majengo na wanaume, kwamba nimewavua nguo wazee wangu mbele ya watu. Haya, na mie nisikilize, Mama. Umemzaa yeye, na mie umenizaa.

Ile kazi ya kupiga taipu katika kampuni ya ujenzi kule Ruwi, Kaka ndiye aliyenipeleka kwa mkono wake. Tangu serikali ilipobadilika, huku kila pahala panachimbwa, na sisi tunajenga skuli ya wasichana ya ghorofa, chini na juu. Siku moja meneja wetu, Mwingereza, akatukusanya akasema serikali inataka wenyeji nao wafunzwe kazi, wasiwe wa kubeba mawe tu. Anataka wenyeji waliosoma hesabu, wafunzwe kuchora ramani za majengo. Wakasimama vijana wawili. Na mie nikasimama.

Meneja akacheka. "Wewe una kazi yako. Taipu."

"Umesema mwenyeji aliyesoma hesabu," nikamwambia. "Mie mwenyeji, asili ya Baba ni hapa, na hesabu nimesoma. Hukusema mwanamume."

Mchora ramani wetu ni Mzee Fernandes, Mgoa aliyefanya kazi Dar es Salaam miaka na miaka, Kiswahili anakisema kama sisi. Akanitazama juu ya miwani yake, akasema, "Mwache ajaribu. Akinichafulia karatasi, nitamfukuza mwenyewe."

Wiki za mwanzo hakunipa hata ukuta wa kuchora. Mistari tu, Mama. Mstari mwembamba, mstari mnene, mpaka vidole vikaota sugu. Halafu akasema mchoraji asiyelijua jengo kwa miguu yake huchora uongo, sote watatu, mie na wale vijana, tukapime kwa mikono yetu. Nikavaa buibui langu, nikajifunga kanga kiunoni juu yake, nikapanda. Mbarak, mnyapara wa mafundi, mtu wa Nizwa, akapiga ukelele kutoka chini, "Ya binti, shuka! Nyie watu wa Zinjibari hamna wazee?"

"Wazee nnao," nikamjibu. "Nikishapima ntashuka."

Kazi yangu ya kwanza ya peke yangu ikawa ngazi ya ile skuli. Hapo ndipo nilipoanguka, na sikufichi. Nilipima kuanzia kwenye zege tupu, nikasahau kwamba juu yake patakuja kutandikwa vigae na sakafu itapanda. Maana yake kidato cha ngazi cha mwisho chini kingekuwa kifupi kuliko wenzake. Mzee Fernandes akanifahamisha kwamba mtu akishuka ngazi hatazami, mguu ndio unaokumbuka. Kidato kimoja kikiwa tofauti na vyengine, ataanguka. Na wa kuanguka pale ni watoto. Seremala alikuwa keshapigilia mbao za kumiminia zege kwa kufuata mchoro wangu. Zikabomolewa zote. Meneja akasema mbele ya watu wote, "Imekwisha. Kesho urudi kwenye taipu."

Habari zikamfikia Kaka dukani kwake kabla mie sijafika nyumbani. Akasema, "Afadhali. Mungu kakustiri mapema. Sasa utaacha ujinga."

Nililia, Mama, nikalala na njaa. Lakini asubuhi sikukaa kwenye taipu. Nilikwenda moja kwa moja nikasimama kwenye meza ya kuchorea. Meneja akaja, uso mwekundu. "Sikukwambia jana?"

"Umeniambia," nikasema. "Na wale vijana wawili walikosea kipimo cha ukuta wa nyuma, ukabomolewa. Uliwaambia warudie. Na mie niambie nirudie."

Mzee Fernandes akatandika karatasi mpya mezani, akaibana pembe zake.

"Haya, rudia," meneja akasema. "Ukikosea tena, unatoka kabisa. Hata taipu huna."

"Nimekubali."

Nilipima upya, nikapima tena. Nikakaa na yule seremala, Mbaluchi, nikamuuliza kila asichokipenda katika mchoro wangu wa kwanza, naye akaniambia bila ya kunionea haya. Nikachora. Mzee Fernandes akaukagua mchoro mpaka chai yake ikapoa, kisha akautia sahihi.

Siku ya kumimina zege ndiyo siku aliyokuja Kaka. Nilikuwa juu, nnaangalia vipimo pamoja na seremala, mafundi wamejipanga na karai zao. Akasimama chini kwenye vumbi, akaniita kwa jina langu mbele ya wanaume wote wale. "Salma! Shuka twende nyumbani. Sasa hivi!"

Kila mtu akaacha kazi. Nikasema, "Kaka, zege likishachanganywa halingoji. Nikimaliza ntakuja, tukae tuzungumze."

"Ukibaki hapo, kwangu usije."

Sikushuka. Mbarak akatazama chini kwa Kaka, akanitazama mie, kisha akauliza, "Kidato kimoja inchi ngapi?"

"Sita na nusu," nikasema.

"Sita na nusu!" akawapigia ukelele mafundi wake, na karai ya kwanza ikapanda. Hakunisifu, wala mpaka leo hajanisifu. Lakini aliniuliza mie.

Nilipofika nyumbani jioni, sanduku langu lilikuwa nje ya mlango. Asya alikuwa dirishani analia. Nikabisha hodi, nikaita "Kaka" mara nyingi, hakufungua. Basi hivyo ndivyo nilivyotoroka. Nilijitwika sanduku langu, nikenda kwa Shangazi Zuwena, dada wa marehemu Baba, na ndiko ninakolala, kwenye chumba kimoja na yeye, ananisomea dua asubuhi kabla sijatoka. Kama kuna mtu aliyekuandikia vyengine, muulize Shangazi.

Mbao zimeshatolewa. Ngazi imesimama. Mzee Fernandes aliipanda na kuishuka amefumba macho, mkono ukutani, kisha akaniambia, "Kesho tunaanza paa." Meneja ameajiri mtu mwengine wa taipu.

Sasa Kaka anataka uniandikie unirejeshe nyumbani kwake, niache kazi. Mama, nakuomba usiniandikie hivyo, kwa sababu sitaacha, na sitaki niwe nimelikataa neno lako. Mlango wake akiufungua ntaingia na ntambusu mkono, ni kaka yangu, alinitunza tulipofika huku hatuna kitu. Lakini asubuhi yake ntakwenda kazini. Ruhusa siombi, nimeshaanza. Naomba radhi zako tu. Hizo nazitaka, Mama, na sina pa kuzipata ila kwako.

Nisalimie Bibi, umwambie dawa yake ya macho naitafuta. Msalimie Mjomba, mlezi wetu, hata kama naye amekasirika. Msalimie mwalimu wangu wa hesabu ukikutana naye njiani. Na mdogo wangu Rukia mwambie asithubutu kuacha masomo kwa sababu ya maneno ya watu. Siku akija huku, kitanda tutabanana, na kwenye meza ya kuchorea ntamsogezea kiti mwenyewe, atake meneja asitake.

Mwanao asiyekusahau katika dua,
Salma