Koti Jeupe la Kituoni

Bi Mkubwa wangu, shikamoo.

Nshafika salama kisiwani, ng'ambo ya Nungwi, na pweza wa nazi wa huku angekusahaulisha hata mtaa wetu wa Kikwajuni. Lakini kuna jambo linanisisimua mwili. Asubuhi ya kwanza niliwakuta wagonjwa washakaa kimya kwenye baraza ya kituo cha afya, ilhali muuguzi wao alihamishwa zamani na hawakuwa na habari kuwa nnakuja kushika nafasi yake. Ndani, kiti cha muuguzi huyo kimevishwa koti lake jeupe. Limefuliwa, limepigwa pasi na kufukizwa udi. Wakaingia mmoja mmoja, wakalisalimu, wakalieleza maradhi yao, wakanyamaza kama wanaosikiliza, kisha wakatoka. Mimi walinipita kama hawanioni.

Nilipotaka kuliondoa nikae, Bi Mize, mzee anayelifua, alinishika mkono. "Liache, mwanangu. Wauguzi huja wakaondoka. Hili halijatukimbia."

Basi nimevuta kigoda, nimekaa ubavuni mwake. Leo mja mzito mmoja alinigeukia mwenyewe, akaninyooshea mkono nimpime presha. Nilifurahi, mama, karibu nilie. Alipofika mlangoni akageuka, akaliuliza koti, "Na huyu atakaa?"

Wallahi na mimi niligeuka, nisikie jibu.

Nakubusu mikono, uniombee dua. Akitokea mtu wa kuja huku, mpe udi kidogo aniletee. Wa hapa unakaribia kwisha.

Mwanao,
Salma