Vikombe Vinne Getini

Jumatatu, 6 Juni 1994
Edmund wa ofisi ya viwanja kaja na karatasi. Shikamoo yake ndefu – nikajua kuna jambo. Eti kiwanja changu ni cha kuishi, si cha biashara. Wanywaji wa togwa ninayouza wasizidi wanne kwa wakati mmoja. Wakizidi, nihamie sokoni. Nikamwambia, si mmetangaza biashara ruksa? Ruksa, bibi, ila kwa utaratibu. Utaratibu! Huyu nilimwogesha mimi alipozaliwa, mama yake yuko hoi kwa uzazi. Nikamwuliza, nikienda sokoni, Oliva nimbebe mgongoni? Akaangalia viatu vyake.

Oliva ni mwanangu. Miaka thelathini na mmoja, mwepesi kama ungo. Kutoka kitandani hawezi tena.

Jumatano, 8 Juni
Nimepigilia misumari minne kwenye nguzo ya geti, nimetundika vikombe vinne vya bati. Mwenye kikombe aingie. Asiye nacho angoje barabarani. Shule niliishia la pili, lakini nne naijua! Abasi fundi baiskeli kapenya wa tano, nimemtoa na mwiko. Anacheka: Bibi, hata huyo Petro wenu wa mlangoni mbinguni hana ukali huu.

Jumamosi, 11 Juni
Ua umepoa. Zamani walijaa mpaka mikeka haitoshi, wanabishana bei ya mbolea, mahindi ya Mpitimbi, mke wa fulani. Oliva anawasikia dirishani, anacheka mpaka anakohoa. Sasa wanne wanakunywa mbiombio wamwachie mwingine kikombe. Hakuna maneno. Oliva kaniuliza, mama, umegombana na watu? Nikamwambia lala huko.

Kwa nini nilimjibu vile?

Jumanne, 14 Juni
Uji Oliva hawezi kuumeza. Hata togwa anairudisha.

Alhamisi, 16 Juni
Padre kaja asubuhi, kampaka mafuta ya wagonjwa. Habari ikaenea mtaa mzima. Mchana natoka kumwaga maji – watu wamejaa barabarani! Jirani yangu Chiku, Abasi, kina mama wa jumuiya na rozari zao, hata Edmund. Wamesimama kwenye baridi, kimya. Ndani ya ua wako wanne tu, wameshika vikombe vitupu.

Nikafoka. Mna wazimu? Ingieni! Chiku akasema, bibi, tusikuongezee kesi, tutapokezana. Kupokezana kumwona mgonjwa! Nani kawafundisha?

Mimi.

Edmund kainamisha kichwa.

Nikarudi ndani. Oliva kafumbua macho. Nje kuna nani, mama? Wote, mwanangu. Akasikiliza – muda mrefu.

Mbona siwasikii?

Nimekwenda na nyundo, nimeng'oa misumari yote minne mbele ya Edmund. Wameingia, mikeka imejaa. Lakini wananong'ona! Wanasema kuna mgonjwa. Oliva kageuza uso dirishani, anangoja. Natoka tena kuwaambia wabishane. Mbolea, mahindi, mke wa fulani, chochote – kwa sauti!