Vipande Vitupu vya Ramani ya Mafuriko

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na kwamba wewe na shemeji hamjambo. Mimi ni mzima, na leo hatimaye nimepumua.

Unajua ofisini kwetu tunatengeneza ramani ya mafuriko, ili waokoaji wajue boti ziende wapi. Nchi nzima tunaigawa vipande vidogo, na programu yetu ya Python huhifadhi kila kipande kwenye faili lake. Wiki iliyopita mto ulipofurika, kuhifadhi tu kulichukua saa sita, kisha diski ikajaa. Familia moja ilishinda juu ya paa ikisubiri boti. Nashukuru walishuka wote salama.

Mkubwa wetu akamshukia fundi mitambo, yule mama mpole tunayekaa naye meza moja, akasema diski zake ni mbovu. Mama wa watu akabaki anafuta miwani.

Jumanne nikafungua folda, nikashika kichwa. Katika kila vipande mia, tisini na sita vilikuwa vya nchi kavu, sifuri tupu, na vyote tulikuwa tumeviandika! Kumbe programu inaweza kukagua kipande kabla ya kukiandika, na kikiwa kitupu ikakiruka. Wakati wa kusoma, pasipo na faili hujaza sifuri yenyewe. Nikabadilisha mpangilio huo mmoja, kazi ikaisha kwa robo saa. Nikalinganisha na ramani ya zamani, namba kwa namba, zikawa sawa.

Walinipigia makofi, Dada, nami nikayapokea. Lakini ukaguzi ule niliuzima mimi mwenyewe mwaka jana. Niliujaribu kwenye eneo dogo lililojaa maji, nikaona unatuchelewesha bure, nikauzima na kuusahau.

Siku mbili nilikaa na siri hiyo. Jana nikasimama kikaoni nikasema yote, nikijua nitafukuzwa. Mkubwa alimwomba radhi fundi kwanza. Mama akanitazama, akasema, “Ungesema Jumanne ningelala vizuri.” Halafu akanivutia kiti nikae.

Mvua imerudi leo. Ramani imetoka mapema, na boti zimefika kabla ya maji.

Wabusu wapwa zangu wote, na shemeji mpe salamu zake. Usikawie kuniandikia, hata kama ni kunigombeza.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba