Mgonjwa wa Kitanda cha Ishirini na Tatu

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wazima, na goti la Mama limetulia. Mimi sijambo, ila soli ya kiatu cha kushoto imechoka kabla yangu.

Umeuliza kazi zimefikia wapi. Tulipokuwa tunasoma uzamili wa uchumi wa afya tuliambiwa milango ni mingi: wizara, bima, utafiti, mashirika, viwanda vya dawa. Hawakutudanganya. Milango ni mingi kweli, na kila mmoja una mlinzi anayepokea bahasha yangu na kuiweka juu ya bahasha za wenzangu. Nimetuma maombi thelathini na moja. Wizarani wanataka uzoefu wa miaka mitano. Kiwanda cha dawa kinataka muuzaji mwenye gari. Kwenye shirika moja nikaulizwa, "Sasa wewe ni daktari au mhasibu?" Nikasema mimi ni yule anayemwambia daktari kwamba kwa fedha alizonazo anaweza kutibu wangapi. Wakacheka vizuri, wakaniaga vizuri, hawakupiga simu.

Nafundisha hesabu watoto wa mwenye nyumba, ndivyo kodi inavyopita. Usimwambie Mama.

Tegemeo langu ni tasnifu. Nakushukuru tena kwa kunisaidia kuandika ile barua ya kuomba takwimu za wodi ya watoto hapo hospitalini kwenu. Zilikuja bila majina, namba tupu, lakini ndizo zilizonipa alama ya juu.

Binti yako

19 Februari

Profesa wangu,

Marahaba. Hatujambo. Goti la mama yako linatabiri mvua kuliko redio, kwa hiyo tunalitunza. Barua yako niliisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili naye asikie. Pale pa kodi nikaparuka.

Usikate tamaa. Mimi masjala niliingia kama mfagizi. Leo ni mwaka wa thelathini na mbili, na hakuna faili la mgonjwa lililowahi kupotea mikononi mwangu. Daktari mkuu akitaka la mtu aliyekuja kung'olewa jino kabla hujazaliwa, nampa kabla chai yake haijapoa. Mwisho wa Juni nastaafu. Wameahidi kunipa saa ya ukutani, wakati muda wenyewe wameshauchukua.

Na usinilaumu kwa kutopiga simu. Simu inapita sikioni, karatasi inabaki.

Mama yako anauliza kama unakula mchana. Nimemwambia umenirithi mimi, hubebi chakula. Ila mimi nakula wodini, na wewe huna wodi. Kula, mwanangu.

Baba yako

11 Machi

Baba,

Shikamoo, wewe na Mama. Mimi mzima, na leo nina habari.

Nimeitwa kwenye usaili wa mfuko wa bima ya afya. Walikuwa watatu, na mkubwa wao ni mama mmoja aliyening'iniza miwani kwa kamba. Wenzake waliniuliza maswali ya vitabuni. Yeye alikuwa ameisoma tasnifu yangu, Baba, hadi maelezo madogo ya chini ya ukurasa. Akaweka kidole: "Hapa unasema ulifuta mgonjwa mmoja. Kwa nini?"

Nikamweleza. Katika takwimu za wodi ile kuna mtoto anayeonekana amelazwa siku elfu tatu mia saba na kumi na mbili. Miaka kumi mtu yuko kitandani! Ningemwacha, angeniharibia wastani wote. Nikasema ni uzembe wa karani fulani aliyesahau kufunga faili, nikamfuta, nikaendelea. Samahani, najua si wewe. Bila shaka ni hao vijana wako wa kompyuta. Mama wa miwani hakucheka. Aliandika kitu, akanishukuru.

Niombeeni.

Binti yako

20 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo? Hii ni barua ya tatu tangu ile ya usaili, na sijapata hata mstari mmoja. Mama nilimpata kwa simu ya jirani, akasema unaendelea vizuri, unakwenda kazini, unarudi, huongei sana. Nimekukosea nini?

Kazi nimeipata. Nilidhani nitaandika sentensi hii kwa herufi kubwa, lakini nakuandikia polepole. Mama wa miwani ameniambia ni ule mstari niliofuta ulionipa kazi. Wanaanzisha kitengo cha kutafuta wagonjwa hewa, watu waliomo kwenye orodha na hawamo vitandani, na hospitali ya kwanza ni ya kwenu. Wanakwenda tarehe ishirini na tano Mei. Mkataba natakiwa kuusaini kabla ya tarehe ishirini ya mwezi huo.

Baba, kama karani huyo ni kijana unayemfahamu, mwambie arekebishe mapema. Nisingependa miezi yako ya mwisho iingie doa kwa kosa la mwingine.

Nijibu, hata kwa kunigombeza.

Mwanao

29 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mwili wangu mzima. Hujanikosea.

Karani ni mimi, na mgonjwa huyo ni Meneja.

Soma taratibu, kama mimi ninavyoandika taratibu. Siku ile ya Agosti mdogo wako alipotutoka, nilikuwa kazini. Mama yako alikuwa naye wodini, mimi nilikuwa napanda na kushuka ngazi. Kila hati ya mgonjwa anayetoka wodini hupita mezani kwangu. Ina visanduku vitatu: amepona, amehamishwa, amefariki. Karani anaweka alama, anaandika tarehe, anafunga faili. Ni kazi ya nusu dakika. Ya Meneja ililetwa saa nne asubuhi pamoja na nyingine sita. Zile sita nilizifunga. Yake nikaiweka kwenye droo, nikasema kesho. Tukazika. Nikarudi kazini, nikasema tena kesho.

Kompyuta zilipokuja, vijana waliingiza kila faili lisilofungwa kama mtu aliyelazwa. Kwa hiyo yumo. Kila asubuhi orodha inachapwa na jina lake lipo, kitanda cha ishirini na tatu. Kitanda chenyewe kilivunjika mguu kikatolewa zamani. Lakini jikoni wanapakua kwa orodha, na kila mchana toroli huja wodi ya watoto na sahani moja zaidi. Wauguzi wanabadilika, na anayeondoka humwambia anayeingia: hiyo ni ya mwenyeji, mpe mzee wa masjala.

Nakaa nayo kwenye benchi nje ya mlango. Kukiwa na mama anayeuguza na hajala, nampa. Siku nyingine nakula mwenyewe. Siku nyingine inapoa mapajani, na nasikia huko ndani mtoto anawapanga wenzake, wewe kaa hapa, wewe kaa pale, kama alivyokuwa akitupanga sisi mpaka tukampa jina lile. Najua si yeye. Ila sijawahi kugeuka kuangalia.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha kifo chenyewe. Kumbe atakayeniumbua ni mtoto niliyemsomesha.

Ulipoomba takwimu nilidhani wakishaondoa majina wameondoa yote. Hukuandika uongo kwenye karatasi yako. Nimesahau kufunga faili, kila siku, kwa makusudi, miaka kumi na moja.

Mama yako hajui. Usimwandikie.

Baba yako

6 Mei

Baba,

Shikamoo. Siwezi kuuliza hali leo.

Nimefungua takwimu za mwanzo, zile ambazo sikuwa nimezisafisha. Yumo. Wa kiume, miaka sita, kulazwa: Agosti. Nilikuwa na miaka kumi na minne mwezi ule, nilikuwa nawafulia soksi nyumbani nikisubiri mrudi watatu. Na mwaka jana nilimtazama kwenye kioo cha kompyuta, nikaona namba inayoniharibia wastani, nikamfuta kwa kidole kimoja. Halafu nikaenda kunywa chai.

Nimemrudisha kwenye jedwali. Sasa siwezi kuizima kompyuta, kwa sababu yumo. Naifunika kwa kanga nikilala. Watoto wa mwenye nyumba waliniuliza kuna nini chini ya kanga, nikawaambia ni kazi.

Nilitamani kukukasirikia, nikajaribu siku mbili. Nimeshindwa. Nakuonea wivu, Baba. Wewe ulikuwa na mahali pa kukaa naye.

Sijasaini. Nikisaini, ni mimi niliyewaleta mlangoni kwako. Nisiposaini, watakuja bila mimi, na atakayemkuta Meneja kwenye orodha ni mtu asiyemjua. Atamwita hewa mbele yako, na atauliza nani amekuwa akila chakula chake. Watakuvua kila kitu wiki tano kabla ya kustaafu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kuliko kazi.

Mfunge wewe, Baba, kwa mkono wako, kabla hawajafika. Najua ninachokuomba. Neno la kisanduku cha tatu hata mimi sijawahi kulitamka juu yake. Nasemaga tu "hayupo."

Mwanao

17 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, na safari hii nasema hivyo baada ya kufikiri.

Barua yako niliisoma kwa sauti jikoni. Nilianza nikitaka kuruka kama kawaida yangu, lakini hakukuwa na pa kuruka. Mama yako alikuwa anakunja nguo. Alizikunja mpaka mwisho, akaniacha nimeshika karatasi, akaenda kulala.

Asubuhi nilikuta bakuli mezani, limefungwa kwa kitambaa, na kijiko juu yake. Akasema, "Leo utakula hiki."

Miaka kumi na moja, mwanangu, mwanamke huyu hajawahi kunifungia chakula cha kazini, wala kuniuliza nakula wapi. Mimi nikajiona mjanja. Nimebeba bakuli lile barabara nzima kwa mikono miwili, na watu walinisalimia sikuwajibu.

Niliingia masjala kabla ya vijana. Hati ilikuwa kwenye droo, imekuwa ya njano. Niliweka alama kwenye kisanduku cha tatu. Niliandika tarehe ya kweli, Agosti ile, sikuandika ya leo. Kisha nikafunga kwenye kompyuta, ikaniuliza kama nina uhakika. Nikajibu ndiyo.

Baada ya hapo nilimwandikia daktari mkuu ukurasa mmoja, nikaeleza yote, sahani pia. Amenisimamisha kazi kuanzia kesho mpaka kamati ikae. Huenda nikapoteza kiinua mgongo, huenda nisipoteze. Amenipa mkono, jambo ambalo hakulazimika kulifanya. Saa ya ukutani nimeambiwa nisiitegemee.

Saini mkataba. Mwambie huyo mama wa miwani, kabla hujashika kalamu, kwamba karani ni baba yako na mgonjwa ni mdogo wako. Akikuachia kazi, ifanye. Utakapokuta mstari mwingine wa namna hiyo, na utaukuta, uliza kwanza ni nani, ndipo ufute.

Na kompyuta ifunue. Njoo nyumbani Jumapili, mama yako anasema tutakwenda makaburini watatu. Hatujawahi kwenda pamoja.

Mchana nilipanda wodini na bakuli langu. Toroli lilikuja. Wagonjwa kumi na tisa, sahani kumi na tisa. Nilizihesabu mara mbili. Mpishi aliona sina sahani, akatazama orodha yake, akanitazama mimi.

"Mzee, kumbe mwenyeji wetu karuhusiwa?"

Nikamwambia, "Karuhusiwa."

"Afadhali," akasema. "Alikaa sana."

Baba yenu