Dawa Iliyobaki Juu ya Shimo

Ijumaa usiku

Virusi vya UKIMWI mwilini mwa Kasongo vimepanda tena. Mama Odette, muuguzi wetu, alimwambia leo kwenye kituo cha afya, na Kasongo mwenyewe ndiye aliyeniruhusu kubaki nisikie.

Dawa anazo, na huja kuzichukua kila zinapokwisha. Lakini wachimbaji wenzake wanaamini kuwa dawa ya hospitali ikiingia shimoni, madini hukimbia. Kwa hiyo kopo lake humwachia mama muuza uji, kisha yeye hushuka na kulala huko chini siku kadhaa bila kuzimeza.

"Mama, madini ikisikia harufu ya dawa, inajificha."

"Na harufu ya makwapa yenu, inaipenda?"

Kasongo alicheka. Mama Odette hakucheka.

"Tata Kasongo, bibi yako eko karibu kuzaa, na yeye hana hii virusi. Ukimuambukiza sasa, mutoto naye eko mu hatari. Ule mutoto alikatala dawa wapi?"

"Bakinikuta nayo kule chini, batanifukuza mu ekipe yetu ya kuchimba. Tutakula nini?"

Kondomu alizichukua. Kuhusu dawa hakusema ndiyo.

Kama mwandishi wa habari, nimeandika juu ya mashimo yaliyofukia watu, kisha nikalala vizuri. Usiku huu bado nasikia vidonge vikigongana koponi, jinsi Kasongo alivyokuwa akiligeuza mikononi bila kutazama yeyote.

Jumatatu alfajiri Kasongo anashuka. Mama Odette atamsubiri kwenye mdomo wa shimo, amwombe tena ashuke na dawa zake. Mke wake, anayejua yote, atapimwa tena Jumatano.